Nilisikia Yote, Mdomo Umefungwa

Jamani, niacheni nikae, miguu hii si ya kusimama. Haya. Padri kaniambia, "Bibi, toa ushuhuda mfupi." Padri wetu mgeni, bado hanijui.

Ndugu zangu, sitaji jina la mtu. Wengine mmo humu ndani, na vitenge mmevaa vizuri. Msiangaliane.

Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu uvimbe uliniota kwenye ziwa, titi hili. Hospitali ya misheni kule Kasulu wakalikata, halafu wakanituma Mwanza nikatundikiwe dripu za kansa. Dripu ile inaipiga kansa, lakini na wewe mwenyewe inakupitia. Unatapika mpaka unachungulia kwenye beseni kama utumbo bado uko tumboni.

Kulikuwa na nesi wa Kisukuma, sauti kama anaita ng'ombe: "Mayu!" ndiyo mama kwao, "Hivi vidonge ni vya kuzuia kutapika. Usisubiri kichefuchefu kije, kikishakuja kimekushinda! Meza kimoja kabla ya kula, asubuhi, mchana, jioni. Ukisahau, kimekwenda hicho, usikifidie! Usichanganye na vya dukani! Shingo ikikaza, macho yakivutwa, kimbia hospitali! Nimesema nini?" Nikamrudishia yote kwa sauti yake ileile. Wodi ikacheka, na yeye akacheka. "Mayu, wewe hufi."

Aliyenisindikiza ni mke wa mwanangu, yule wa Mabamba, kule mpakani. Mnamjua, mpole, hata kuku anamfukuza kwa kumbembeleza. Tuliporudi hapa Busunzu akanishika kama yai. Saa hatuna, tuna redio. Ikilia ngoma ya taarifa ya habari, huyo anakuja na kidonge na maji ya uvuguvugu: "Mama, habari zimeanza." Namezea hapo, baadaye nakunywa uji, na uji unakaa. Kutapika kulikuwepo, lakini kidogo.

Dripu ya pili nikarudi nimekonda zaidi. Ndiyo wakaja watu wa kunipa pole. Pole gani ile! Mmoja, wa ukoo wa marehemu mume wangu, sauti kama filimbi: "Eee wifi! Umekwisha hivi? Huyu kalishwa kitu! Na nani anampikia? Si yule wa mpakani?" Mwingine, ile sauti ya puani: "Kutapika ndiyo kupona. Vidonge vinaifungia sumu ndani. Aachwe, itoke."

Si mnajua kwetu? Mtu akilishwa kitu kwenye pombe, sumu ile ya ulozi, anatapishwa. Sasa wakiona mtu anatapika, ugonjwa wameshaujua, Mwanza ya nini tena?

Vidonge wakavichukua, wakavifunga kwenye pindo la kitenge. Mkwe wangu akasema, "Mama zangu, nesi alisema..." "Kimya wewe!" Na mwanangu? Mwanangu aliangalia vidole vyake vya miguu. "Sasa... wakubwa wameshasema." Mwanamume mzima, ndevu tele.

Nikatapika. Maji, nyongo, tena nyongo. Mlikuja mkachungulia beseni. "Inatoka, inatoka." Kilichokuwa kinatoka ni mimi.

Niliposhindwa kuinua kichwa, wakaogopa. Yule wifi Filimbi akafungua pindo. Mkwe wangu akatoa kidonge kimoja. "Kimoja? Na vya siku zote zile ambazo hakumeza? Arudishiwe vyote!" Kama ugali wa jana, ulioachwa, sasa uliwe. Wakaongeza na vingine ambavyo mwanangu alinunua duka la dawa kule Kibondo. Kumbe ni dawa ileile, boksi tu ndilo lingine. Mkwe akashika mkono wa wifi, akasukumwa huko. Mimi nikameza. Nilikuwa nakufa, wangenipa mchanga ningemeza.

Haikupita muda mrefu, shingo ikaanza kwenda yenyewe. Kichwa kikageukia begani, kikakaa huko. Macho yakapanda darini. Taya likakaza, kwii!

Ndugu zangu, nawaambia, akili yangu ilikuwa nzima. Nilisikia kila neno. "Sumu imepanda kichwani!" "Mulozi yumo humuhumu!" Na mimi, mwenye mdomo huu unaoiga hadi mbuzi wa katekista, mdomo umefungwa. Nilitaka kusema, ni vidonge, mwacheni mtoto wa watu. Ikatoka "nnng." Filimbi akaruka: "Mnasikia? Anamtaja!"

Wakamtoa mkwe wangu kwa fimbo. Nilimwona kwa pembe ya jicho akipita mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye mkeka. Mwanangu naye alikuwepo. Vidole vya miguu, bado anavihesabu.

Nyie mlidhani amekimbilia kwao. Alikimbilia zahanati. Na maboksi matupu ya vile vidonge ameyabana kifuani. Daktari akaja na pikipiki, kijana wa Pwani, anaongea kama anaimba: "Nani amempa bibi yangu vyote hivi? Jamani, hapa hakuna sumu wala shetani, dawa imezidi mwilini!" Akanidunga sindano. Shingo ikarudi taratibu, taya likalegea. Neno langu la kwanza, "Yuko wapi mkwe wangu?" Mkaanza kukunja mkeka. Kumbe kutoka zahanati alishika njia ya kwao, hakurudi tena.

Dripu zilizobaki nilizimaliza. Mwanza niliwaeleza kila kitu, wakanibadilishia vidonge, nikavimeza kama nilivyoambiwa. Kansa haijarudi. Namshukuru Mungu, namshukuru yule nesi, na yule kijana wa Pwani.

Nilipopata nguvu, nilikwenda Mabamba na mwanangu, tumebeba pombe ya ndizi ya kuomba radhi. Baba wa mkwe wangu akatupokea vizuri, akatupa viti. Pombe hakuigusa. Mkwe wangu akaja na uji, akakaa karibu yangu. "Mama, wewe sina neno na wewe. Ila kule mimi ni mulozi. Nikizaa, mtoto wangu mtamwitaje?" Nikamwambia nitawaeleza watu. Nimewaeleza, kisimani, msibani, sokoni. Na nyuma ya mgongo wangu mnasema, "Muacheni bibi, kansa ilimharibia akili." Nawasikia. Masikio hayakukatwa, lilikatwa ziwa.

Basi mnataka fundisho? Dawa ya kuzuia kutapika meza kama ulivyoambiwa, kabla hujaanza kuhangaika. Usiiache kwa sababu ya jirani. Usifidie uliyosahau. Usiongeze ya dukani bila kumwambia daktari. Na mgonjwa akikakamaa, mpelekeni hospitali, maneno ya ulozi wekeni chini.

Shukrani yangu kubwa ni ya mtu ambaye hayumo humu. Redio yangu bado inalia ngoma ile. Kila ikilia nageuka mlangoni, hakuna anayeniambia habari zimeanza.

Msipige makofi. Mimi na mwanangu kwenda Mabamba haitoshi, mimi hakuna siku niliyomwita mulozi. Waliomwita ndio waende, wakaseme mbele ya baba yake kwa midomo yao wenyewe. Midomo yenu haijafungwa na dawa iliyozidi. Padri, samahani, kiti hiki siondoki. Nakaa hapa, nawaangalia, mpaka mmoja asimame aseme, "Bibi, nitakwenda."

Haya. Nawasikiliza.