Mwenyeji wa Ngazini

Basi la wageni wa mkutano wa madaktari wa meno, pale Galveston, lilijaa. Mbele yangu walikaa Wendell, daktari kutoka Lubbock, na Bi Odette, anayetembeza watalii katika jumba la kale.

“Jana mwenzako alinishika mkono ngazini, mle jumbani,” alisema Wendell. “Bibi mpole! Kaniomba leo nije na mke wangu.”

“Mle nafanya kazi peke yangu, baba. Mkeo asikanyage.”

“Acha hizo, mama. Hadithi za kuuzia tiketi!” Na tiketi zenyewe ghali.

“Mkono upi?”

Akaunyoosha. Bi Odette aliugusa, akashtuka. “Mbona bado wa baridi?”

Basi likasimama. Mke wa Wendell alikuwa akimngoja kwenye mlango wa jumba, uliokuwa wazi. Wendell akashuka. Bi Odette alizitazama funguo pekee za jumba mkononi mwake, asiinuke.