Mkia wa Zawena: Maisha ya Mwalimu Ruthi Manase Mhina, 1957–2025

Baba Mchungaji, ndugu, majirani wa Chumbageni na wote mliofika hapa Muheza kumsindikiza mwenzetu. Familia inaomba ieleweke mapema kwamba wasifu huu umeandikwa kwa masharti. Marehemu aliacha karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizolala upande, yenye maneno haya: "Wasifu asome Mathew. Asiruke habari ya karanga." Mathew ni mdogo wake wa mwisho, na ndiye aliyesimama mbele yenu. Tangu juzi alitafuta mtu wa kumsomea, akakosa.

Marehemu Ruthi alizaliwa Amani, Jumapili ya Mitende, tarehe 14 Aprili 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Manase Mhina na Mama Elizabeti. Mzee Manase alikuwa mtunza kitalu cha miti katika kituo cha utafiti. Ruthi alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Kilutheri na kupata kipaimara mwaka 1971.

Nyumbani kwao hadithi zilikuwa za jioni, baada ya chakula, na bibi yao mzaa baba hakutaka mchezo katika jambo hilo. Aliwaambia wajukuu kwamba anayesimulia hadithi mchana huota mkia. Mwaka 1967, Ruthi akiwa na miaka kumi, alishindwa kujizuia. Alimsimulia Mathew hadithi nzima saa sita mchana, jua la utosini, nyuma ya kitalu cha baba yao. Halafu akaingiwa na hofu. Mathew, aliyekuwa na miaka mitano tu, akapewa kazi ya kumkagua mgongo kila asubuhi. Siku ya nne mkaguzi alichoka na kazi hiyo, akasema ameona kitu kidogo kinaanza kuchomoza.

Dada alilia siku nzima. Kesho yake aliamka, akanawa uso, akamuuliza mdogo wake, "Huo mkia una urefu gani?"

"Kama kidole."

"Basi na uje," akasema. "Nitautafutia kazi."

Alisoma shule ya msingi hukohuko Amani, mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana, 1972 hadi 1975. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1977. Wenzake wa chuo wanakumbuka kwamba alipofanya mazoezi ya kufundisha, somo lake la hesabu lilikuwa na jini ndani yake. Mkufunzi alimpunguzia alama kwa sababu ya jini huyo. Ruthi alimwandikia barua ya kurasa mbili kueleza kwa nini bila jini watoto wasingeelewa kugawanya, na ile alama ikarudishwa.

Januari 1978 alipangiwa shule ya msingi kule Moa, akakabidhiwa darasa la tatu. Hapo ndipo alipoanza kuandika kitabu chake cha kwanza. Zawena, msichana wa kitabu hicho, anasimulia hadithi mchana na kuota mkia, wanakijiji wanataka kuukata, naye anakimbilia kisimani, mahali zinapoishi hadithi zote ambazo watu waliogopa kuzisema. Karatasi zilikuwa adimu miaka ile. Ruthi aliandika kwenye madaftari ya zamani ya wanafunzi, upande mmoja hesabu za kujumlisha za mtoto, upande wa pili Zawena na mkia wake. Ilimchukua miaka minne kufika ukurasa wa themanini na nne, ambao ulikuwa wa mwisho.

Sasa tumefika kwenye karanga.

Juni 1983 Mathew alikwenda Moa kupumzika baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye afya na hamu ya kuonekana mgeni mwema. Asubuhi moja dada yake alipokwenda shuleni, aliamua kufanya usafi wa nyumba. Kwenye kona ya chumba aliona rundo la madaftari chakavu ya darasa la tatu. Nyumba ya pili alikaa Bi Ghanima, mfanyabiashara wa dukani aliyekuwa pia akikaanga karanga na kuzifunga kwenye karatasi. Mathew alimpelekea rundo lote, akapewa bakuli la karanga. Ruthi aliporudi alasiri walikaa kibarazani wakazitafuna pamoja, na alisema hajapata kula karanga tamu hivyo. Aliuliza zimetoka wapi. Mathew alijibu, kwa majivuno, kwamba zimetoka kwenye uchafu wa nyumbani kwake.

Ruthi hakuelewa mpaka Jumatatu. Mwanafunzi wake mmoja aitwaye Rama alimfuata mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rama."

"Mwalimu, yule mwenye mkia alitoka kisimani?"

Mkononi alikuwa na karatasi yenye mafuta ya karanga.

Ruthi alikwenda kwa Bi Ghanima mbio. Bi Ghanima alijishika kichwa. "Masikini mie! Mwanangu, mie nimefungia karanga tangu Ijumaa, zimeshafika mpaka sokoni. N'ngejuaje kama mna roho yako mle?" Ruthi hakumgombeza. Mathew naye hakugombezwa, ingawa angefurahi zaidi kama angegombezwa, kwa sababu dada yake hakusema naye neno siku mbili, na nyumba ilikuwa ndogo.

Siku ya tatu alisimama mbele ya shule nzima na kutangaza kwamba kila mwenye karatasi ya karanga yenye mwandiko wa Mwalimu Ruthi ailete. Kwa wiki tatu watoto walileta. Zilirudi kurasa sitini na moja. Na alipozipanga sakafuni aliona jambo lililomfanya awe mwandishi. Kurasa alizoandika mawaidha, za mzee wa kijiji akiwafundisha watoto utii, zilikuwa zimeokotwa njiani na nyuma ya vyoo, zimekanyagwa. Kurasa za kisimani zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimewekwa chini ya godoro, na wenyewe walizitoa kwa kunung'unika. Nyingine walikataa katakata kuzitoa. Mtoto mmoja alikubali kuzisoma kwa sauti dirishani, lakini karatasi hakuiachia.

"Kumbe nilikuwa nahubiri," alimwambia Mathew, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kuhusu karatasi zile. Akaongeza kwamba amemsamehe, ila habari hiyo hataisahau, naye Mathew asiisahau. Ukurasa wa themanini na nne haukurudi kamwe.

Kuanzia hapo, hivi ndivyo alivyofanya kazi. Kila hadithi aliyoiandika aliigawa kwa watoto, ukurasa mmojammoja, kwa sharti moja: ukiupenda usirudishe, usipoupenda niletee. Kilichorudi alikiandika upya. Watu wazima hawakuonyeshwa kitu mpaka watoto wamalize. Kwa njia hiyo aliandika vitabu kumi na kimoja vya majini, visima, ndege wanaosema na milima inayohama.

Hata ndoa yake ilipita njia hiyo. Mwaka 1985, akirudi kutoka Mombasa na karatasi alizonunua, alifika Horohoro na mkoba uliojaa pia kurasa za hadithi zake. Edgar Kiondo, kijana karani wa wakala mmoja wa mizigo pale mpakani, alimsaidia kuokota zilipomwagika. Akaanza kusoma moja amesimama. Ruthi alingoja arudishe. Edgar alikunja ukurasa ule, akautia mfukoni, akasema, "Huu, dada, sirudishi. Njoo wiki ijayo tuuzungumze." Walifunga ndoa tarehe 5 Julai 1986. Mungu aliwajalia watoto wawili, Loveness na Innocent. Mwaka 1988 walihamia Tanga mjini, Chumbageni, na Ruthi akaendelea kufundisha mpaka alipostaafu Aprili 2017. Edgar alitangulia mbele ya haki mwaka 2015. Ukurasa ule wa Horohoro ulikutwa kwenye Biblia yake.

Jambo moja lilimuuma marehemu, na familia inalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Kitabu cha Zawena kilipochapishwa mwaka 1991, mchapishaji alitaka mkia ukatwe mwishoni ili watoto wapate funzo. Mwandishi alikuwa na watoto wawili wadogo, karatasi ya mwisho imepotea, na miaka minane ya kubisha hodi kwenye ofisi za watu. Alikubali. Zawena akakatwa mkia, akawa mtoto mtulivu, kitabu kikatoka. Kwenye ukurasa uliopotea Moa, mkia ulikuwa umebaki. Kila mtoto aliyemwandikia barua katika miaka thelathini na zaidi alimuuliza swali lilelile: kwa nini aliukubali mkasi? Alikuwa akijibu kila barua, "Nisamehe. Nitaurudisha."

Tarehe 9 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia. Mkono wa kuandikia ukafa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Alipelekwa hospitali, akakaa wiki tatu, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa daftari la miraba, lile la watoto wa chekechea. Akaanza kujifunza kuandika kwa kushoto: a, e, i, o, u. Loveness alimwonea huruma, akamwambia, "Mama, sema tu, simu itarekodi, mimi nitaandika." Mama alimjibu polepole, neno kwa neno, "Simu haijui kufuta." Alimwita Innocent amtengenezee ubao wa kushikilia karatasi isiteleze, na akaanza kuandika kitabu cha kumi na mbili, ambamo Zawena anarudi kisimani kuutafuta mkia wake.

Ukurasa mmoja ulimchukua siku kumi au zaidi. Siku nyingine mstari mmoja. Kulikuwa na asubuhi ambazo alitupa kalamu ukutani, akaangalia pembeni kwa hasira, kisha akanyoosha mkono aokotewe. Shinikizo la damu lilipanda mara mbili mwaka 2024, na daktari alimwambia apumzike. Alimwuliza daktari kama ana watoto. Daktari akasema anao wawili. "Waulize kuhusu mkia," akamwambia.

Aliendelea kugawa kurasa zake kibarazani, kwa watoto wa mtaa, bila kuweka nakala. Familia ilimbembeleza, ikamkasirikia, ikataka angalau zipigwe picha. Alikataa. Alisema akijua kuna nakala kabatini, hatajua kama ukurasa ni mzuri. Jumatatu, tarehe 3 Machi mwaka huu, alimaliza ukurasa wa hamsini na mbili, wa mwisho. Akampa jirani yake Afra, mwenye miaka tisa, ambaye kwa kurasa zilizotangulia alikuwa amerudisha kumi na moja bila kumwonea haya. Kisha akangoja. Kila asubuhi aliuliza, "Afra ameleta?" Akiambiwa bado, alitabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa unatabasamu.

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, aliuliza tena. Loveness akamjibu bado. Aliomba chai. Ilipoletwa alikuwa ameshafumba macho, na hakuyafumbua tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Jana Ijumaa, Mathew alikwenda kwa akina Afra. Kurasa nyingine watoto walikuwa wameshakubali zinakiliwe, lakini bila wa mwisho hakuna kitabu, na mkia ungebaki umekatwa. Mtoto alitoka mlangoni na karatasi ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata karatasi ya bibi Ruthi."

"Bibi alisema ukiipenda usirudishe."

Mathew ana miaka sitini na tatu, na tangu mwaka 1983 hajawahi kusikia jibu lililomfurahisha na kumliza kwa pamoja namna ile. Hakubishana. Aliomba tu ruhusa ya kunakili. Afra alifikiri kidogo, akakubali, kwa sharti karatasi asiiachie. Basi babu alipiga magoti mlangoni, akaandika neno kwa neno kutoka kwenye zile herufi zilizolala upande, mtoto ameshika juu kwa mikono miwili. Ukurasa wa mwisho wa kwanza Mathew aliubadilisha na karanga. Huu wa pili ameunakili mwenyewe, na mstari wake wa mwisho ni huu: "Zawena akatoka kisimani saa sita mchana, mkia wake nyuma yake, akakaa katikati ya kijiji, akaanza kusimulia."

Marehemu ameacha watoto wawili, Loveness na Innocent, wajukuu wanne, mdogo wake Mathew, na watoto wa Moa, Chumbageni na kwingineko, wengine sasa wana mvi, ambao mpaka leo wanazo karatasi zake na hawajazirudisha. Bwana naye amemchukua, na kwa kipimo cha Ruthi mwenyewe, hatutegemei arudishwe.

Tumemleta hapa saa sita mchana, kama alivyoagiza. Pumzika kwa amani, Dada Ruthi. Mkia upo mahali pake.