Tairi Linalosukuma Dunia

Benchi la kijiwe hiki lina miguu minne, mmoja mfupi, na haijapita siku bila ubishi kuhusu ni upi. Limebanwa kati ya kibanda cha fundi cherehani na duka la vifaa vya ujenzi, na aliyekaa mwishoni akisimama ghafla, wenzake wote humwagikiwa kahawa. Hapo hujadiliwa mambo yote ya dunia, na hakuna hata moja lililowahi kuondoka hapo likiwa limepata nafuu. Siku hiyo Breki alifika akiisukuma pikipiki yake kwa mkono, tairi jipya mbele, tairi jipya nyuma, na kuukuu moja kalitundika begani. Jina la Breki alipewa hapohapo kijiweni, kwa kuwa yeye hukanyaga breki kwa kitu ambacho bado hakijaonekana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeagiza sukari akafungiwa chumvi.

— Umefiwa? — aliuliza Injini.

Injini ni mlinzi wa duka la vifaa. Hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini kwa mdomo ameshafungua na kufunga kila mashine iliyopo.

— Sijafiwa. Nimefunga matairi mapya.

— Sasa hiyo si hongera?

— Hongera ya wapi! Hii si pikipiki yangu tena. Pale kona ya karakana nimegusa usukani kidogo tu, ikalala yenyewe. Nikavuta mafuta, ikasita kwanza, kama mtu aliyeulizwa jana alilala wapi. Nikashuka. Nimeisukuma mpaka hapa.

— Lo! Na mama mkwe je? — aliuliza Birika, muuza kahawa, huku akimmiminia kikombe bila kuagizwa.

— Yuko njiani. Anakuja kupandia hapahapa.

Hapo ndipo palipokuwa panauma. Mke wa Breki alijifungua jana, mtoto wa kike, mzaliwa wa kwanza, na bibi yake, huyo mama mkwe, alikuwa hajamtia machoni. Sasa bibi mwenyewe ni mtu wa msimamo. Tangu siku ya posa alitamka kwamba juu ya matairi yenye kipara yeye hapandi, hata barabara nzima ikitandikwa magodoro. Tena hakuwahi kumwita Breki mkwe wala mwana. Alimwita "huyo wa pikipiki", hata Breki akiwa mbele yake anamnawisha mikono. Matairi haya yalinunuliwa kwa ajili yake yeye na si mwingine. Kumbe leo, kwenye safari ya kwanza, ndiyo yangemmwaga mtaroni! Breki aliogopa sana, na hakuona haya kuogopa.

— Usihangaike, — alisema Birika. — Tairi jipya ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Nilipe tairi jembe?

— Jembe ni mfano. Lipe kazi ngumu. Lipeleke kwenye mawe.

— Na mama mkwe nyuma?

Birika akajimiminia kikombe naye.

Fundi cherehani alitoka kibandani na futi ya kitambaa shingoni. Wanamwita Kipimo, kwa sababu hapokei habari yoyote kabla ya kuipima. Alichuchumaa, akalizungushia futi tairi kuukuu, kisha akalizungushia lile jipya la nyuma, akaguna.

— Jipya limezidi. Si sana, upana wa vidole viwili hivi. Lile la zamani lililika likapungua. Mguu ukirefuka, hatua inarefuka, na hatua ndefu kuianza ni kazi. Ndiyo maana inasita.

Kijiwe kizima kiliangua kicheko.

— Kipimo, hii ni pikipiki, siyo suruali! — alisema Injini akifuta machozi. — Vidole viwili vya mpira vizuie injini nzima? Nisikilizeni mimi. Tairi lina kumbukumbu.

— Kumbukumbu?

— Kabisa. Lile kuukuu lilikuwa linajua kila shimo la mtaa huu. Ulikuwa huendeshi, Breki, ulikuwa unapelekwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — aliuliza Kipimo, bado kanuna kwa ajili ya suruali.

— Imeingia kwa mlango wa nyuma, keti. Sasa hili jipya halijui njia. Ukivuta mafuta linajiuliza: tunaenda wapi? Ndiyo kule kusita.

— Na kulala kwenye kona? — aliuliza Breki, ambaye kwa unyonge alionao alikuwa tayari kuamini chochote.

Injini alikuwa hajajiandaa kwa kona. Alikuna kidevu, akatazama angani, na alipoteremsha macho alikuwa na jibu lisilopungua ukubwa wa dunia.

— Hapo pana siri. Tairi lenye kipara linateleza juu ya ardhi, sawa? Halina ugomvi na ardhi. Hili jipya linashika. Likishika, ukivuta mafuta, inabidi kitu kimoja kiondoke: ama pikipiki iende mbele, ama dunia irudi nyuma. Breki, wewe sasa hivi unaisukuma dunia. Milima, mito, watu na mizigo yao. Lazima isite!

Birika aliangalia chini kwa wasiwasi, akasogeza miguu yake.

— Na ukikata kona? — aliuliza.

— Unaipinda.

— Dunia?

— Unafikiri mvua zinachelewa kwa nini? Pikipiki zote za mjini zina matairi mapya.

Breki alipiga hesabu. Mama mkwe ana uzito wake, na yeye alikuwa ameshindwa hata kuisukuma dunia akiwa peke yake.

— Hebu kwanza, — alisema Kipimo, aliyekuwa ameinamia tairi la mbele, pua karibu na mpira. — Hivi vinyweleo ni vya nini?

Wote wakainama. Kweli, tairi lilikuwa limejaa vijinyuzi vya mpira, vyembamba, vimesimama kila upande.

— Mmeona? Nyuzi za kushonea! Nguo haivaliwi kabla ya kukatwa nyuzi. Pikipiki inawashwa hiyo, jamani, ndiyo maana inajilaza kama inataka kujikuna. Penye wazee haliharibiki neno.

Akachomoa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akapiga magoti, akaanza kulinyoa tairi. Injini akashika usukani ili mteja asitikisike. Birika akawa anapuliza vilivyokatwa. Breki hakujua kama acheke au alie, akaishia kushika taa ya mbele na kusema:

— Taratibu hapo kwenye shavu.

— Hodi hapa.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, kanga kaifunga vizuri kichwani, kikapu cha nguo za mtoto mkononi. Injini aliyekuwa pembeni mwa benchi akajitupa kukaa ili aonekane mtu wa heshima, kisha akakumbuka kwamba heshima ni kusimama, akasimama ghafla. Benchi likainuka upande mmoja. Birika la kahawa lililokuwa juu yake likapinduka na kahawa yote ikaenda ardhini.

— Shikamoo mama, — walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Linanyolewa?

— Ni matengenezo madogo tu, mama, — alisema Kipimo, mkasi mgongoni.

— Tunachunguza, — aliongeza Injini. — Matairi mapya yana tabia zake. Suala ni pana, linahusu hata dunia.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka.

— Katika nyie watatu, nani anaendesha pikipiki?

Kipimo aliikunja futi yake. Injini alikohoa, akakumbuka kwamba lango la duka halina mtu. Birika aliokota birika lake tupu.

— Na wewe uliyefunga matairi, pikipiki umeiendesha kutoka wapi mpaka wapi?

Breki alinyoosha kidole. Karakana ilikuwa palepale ng'ambo, na fundi alionekana akifuta mikono mlangoni.

— Fundi alikwambiaje?

— Alisema matairi mapya yana utelezi. Niende taratibu, nisilaze sana kwenye kona mpaka mpira uchubuke kidogo.

— Basi utaenda taratibu. Washa.

Alipanda kiubavu, miguu yote upande mmoja, kikapu mapajani, mkono kakishikilia kile chuma cha nyuma. Breki aliondoka kwa adabu zote. Pikipiki ikasita kidogo, kisha ikaitika, na moyoni akamwomba radhi Kipimo kwa kicheko cha suruali. Kona ilipokaribia, mikono yake ilitaka kuukandamiza usukani kama siku zote. Lile tairi kuukuu lilikuwa limelika katikati likawa bapa, na kila kona ilimbidi alilazimishe. Alikuwa amezoea ugomvi, na tairi jipya halikuwa na ugomvi naye. Akalegeza mikono. Pikipiki ikainama kiasi, ikapita kona, ikasimama wima tena, na Breki akasikia raha mpaka akataka kuimba.

Mkono wa mama mkwe uliachia chuma, ukaja ukatua begani kwake.

— Umeogopa, mama?

— Niogope nini? Umenibeba vizuri. Haya, kaza mwendo kidogo, mwanangu, mtoto anatusubiri.

Breki akakanyaga breki. Matairi mapya yakashika lami papo hapo, na barabarani hapakuwa na mtu, wala kuku, wala shimo.

— Kuna nini tena? — aliuliza mama.

— Hakuna kitu, mama, — alisema, akaachia breki. — Nimesikia tu ulivyoniita.