Siku Niliyoacha Kumwita Mama

Ndugu zangu mfanyao kazi za nyumba za watu, mimi nilitoka Lusewa asubuhi moja bila kujua niendako. Shule niliiacha darasa la tano, na miguu yangu haijui kutulia. Nikafika Songea wakati ule maduka yameanza kujaa mitumba na redio, nikapata kazi ya ndani. Mwenye nyumba akanishika bega: “Hapa hatuna boi. Wewe ni mwanangu. Niite Mama.”

Nawaambia, nilifurahi. Kumbe mtoto hana likizo, hana Jumapili. Cheka tu, dada, nyumba zile unazijua!

Ndipo mume wa Mama akapunguzwa kazi serikalini. Kila mlo kelele: “Mfanyakazi hafukuzwi kama mbuzi! Apewe notisi! Akiumia kazini, atibiwe!” Mama anaitikia. Mimi nasugua sufuria, masikio wazi.

Siku moja mafuta ya moto ya maandazi ya biashara ya Mama yakanimwagikia mkononi. Akanipaka dawa ya meno. Kidonda kilipoanza kunuka, akasema, “Mwanangu, rudi kwenu ukapumzike.”

Mpishi wa jirani akanielekeza ofisi ya kazi. Mzee wa pale akamwita Mama aje, akaniuliza, “Huyu ni nani wako?” Nami, kwa adabu tuliyolelewa nayo, nikajibu, “Ni mama.”

“Umesikia, mzee? Nimemlea mwenyewe.”

Mzee akafunika kalamu. “Mambo ya familia kamalizeni kwa balozi wa nyumba kumi.”

Nilifika mlangoni. Maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwapani. Nikageuka.

“Samahani, mzee. Mama yangu analima Lusewa. Huyu ni mwajiri wangu.”

“Unanikana? Chakula changu umekula!”

“Nilikula, jikoni, wanao wakishashiba.”

Mzee akafunua kalamu. Akamwamuru anitibu, na anipe notisi kama mfanyakazi yeyote. Nilitibiwa. Lakini vidole hivi viwili havinyooki mpaka leo, na watoto niliowabeba mgongoni wamefundishwa kunipita bila salamu. Sitawadanganya kwamba haki ni tamu.

Namshukuru mpishi yule, na mzee aliyekubali kunisikiliza mara ya pili. Waheshimuni waajiri wenu, lakini mkiulizwa mbele ya sheria, semeni wazi kwamba mmeajiriwa.

Notisi ilipokwisha nilibeba kifurushi changu hadi Lizaboni, mtaa nisioujua. Bibi mmoja akanifungulia chumba. “Kodi mwisho wa mwezi,” akasema. “Maji unachota mwenyewe. Nikitaka uhame, nitakwambia mapema.”

Namshukuru na yeye. Maneno makavu namna ile sijawahi kuyapenda kama siku ile.