Karatasi Thelathini na Saba za Dereva wa Shangazi

Familia inaanza kwa kuomba radhi. Programu ya kwanza ya mazishi haya, iliyochapishwa kwa hisani ya mwajiri wa marehemu, ilikuwa na sentensi isemayo kwamba marehemu "alishindwa kulimudu gari". Programu hizo zote zimekusanywa na zimo kwenye gunia kule nyuma. Hii mliyoishika imechapishwa na familia yenyewe, na anayeisoma ni dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni. Sauti yake ikipanda, mvumilieni.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yake, ambaye amekaa hapa mbele. Baba yao, aliyetangulia mwaka 2003, alikuwa fundi baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba, na marehemu alijifunza kutambaa katikati ya minyororo na spoki. Akiwa na miaka sita aliificha baiskeli ya mteja nyuma ya choo kwa sababu breki zilikuwa hazishiki na mwenyewe aling'ang'ania kuondoka nayo. Alichapwa, akalia, na hakusema ilipo mpaka baba alipofunga raba mpya za breki.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na ghala la nafaka, akamaliza mwaka 1993. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake, jamani! Mwalimu akichoka, yeye ndiye aliyeitwa kuandika ubaoni. Baadaye alisomea ufundi magari kwa mwaka mmoja, na tarehe 20 Agosti 2001 akapata leseni ya magari makubwa. Leseni hiyo ilikaa mfukoni mwake karibu miaka ishirini na minne bila kuandikwa kosa hata moja.

Tarehe 2 Juni 2008 aliajiriwa na duka la vifaa vya ujenzi, akakabidhiwa pikapu kubwa la dizeli, la magurudumu mawili mawili nyuma, lililokuwa limekwisha kuzeeka kabla yeye hajalishika usukani. Akalibatiza jina Shangazi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, halitoki nyumbani bila kubembelezwa, na likishatoka linalalamika njia nzima. Dada yake, ambaye ndiye angekuja kuwa shangazi halisi wa watoto wake, alimnunia wiki nzima.

Na kweli Shangazi alilalamika. Asubuhi nozeli zilitoa moshi mpaka mtaa ukakohoa. Rejeta ilivuja, kwa hiyo madumu mawili ya maji yalikaa nyuma ya kiti miaka yote. Springi zilikuwa zimelala, bolijointi zinacheza, gia namba mbili inachomoka yenyewe kwenye mteremko. Hendibreki ilikuwa pambo tu. Marehemu alichonga kabari ya mbao ngumu, na kila aliposimama aliisukuma chini ya gurudumu. Fundi wa gereji alipotaja bei, marehemu aliigeuza kuwa safari za mzigo, maana fedha hakuzishika yeye ila safari alizipiga yeye. Pampu ya dizeli, safari ishirini. Gia boksi, kumi na tano. Springi, sita. Klachi, nne. Masta ya breki, yaani kile kidude kinachosukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu, safari mbili. Mbili tu! Pampu ya dizeli ilipokufa, bosi alileta mpya siku hiyohiyo. Klachi vilevile. Kila kilicholizuia gari kuondoka kilitengenezwa kabla ya jua kuzama, na kila kilicholizuia kusimama kiliambiwa kisubiri.

Tarehe 17 Septemba 2011 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akimshonea viti vya gari. Gari la kukodi lilipokwama njiani, maharusi walimaliza safari ndani ya Shangazi. Walipofika mlangoni bwana harusi hakuthubutu kutoa mguu kwenye breki, kwa hiyo bibi harusi ndiye aliyeruka chini na kabari mkononi, pindo la gauni amelishika kwa meno. Picha hiyo ipo sebuleni kwao hadi leo. Mwaka 2014 walijaliwa binti mmoja.

Hapa ndipo wasifu hueleza ugonjwa wa marehemu. Marehemu hakuugua. Mgonjwa alikuwa gari, na ugonjwa wake ulijulikana. Utaratibu wa kazini kwao ulimtaka dereva aandike kila asubuhi hitilafu za gari lake katika kitabu cha nakala mbilimbili: karatasi nyeupe inabaki ofisini, ya njano anapewa dereva. Wenzake za njano walizifutia kijiti cha oili. Yeye alizipeleka nyumbani, hakuwaambia watu kwa nini.

Kuanzia Novemba mwaka jana aliandika juu ya breki mara thelathini na saba, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. "Pedali inazama. Napampu mara tatu ndipo inashika. Masta imekufa." Na chini yake, mara thelathini na saba, bosi ameandika: "Liendelee kufanya kazi," kisha sahihi. Siku moja alimfuata ofisini.

"Bosi, hizi breki zitaua mtu."

"Wewe ni dereva au daktari?"

"Leo dereva. Kesho sijui mtaniita nani."

Bosi alicheka, akampa funguo. Bosi mwenyewe yuko hapa, mstari wa tatu. Karibu sana, mheshimiwa, na asante kwa kufika.

Jumanne tarehe 6 Mei 2025 marehemu alikuwa amekwisha kupiga safari mbili kabla ya saa nne asubuhi. Safari mbili, ndugu zangu! Bei ya masta ilikuwa imelala dukani. Ya tatu ilikuwa ya saruji, mifuko sitini. Aliyekuwa pembeni yake ni mpakiaji, huyo hapo mwenye mkono kwenye plasta, na haya ndiyo maneno yake. Juu ya mteremko wa machimbo pedali ililala chini moja kwa moja. Marehemu akatia gia namba mbili, ikachomoka. Akairudisha, akaishikilia kwa mkono mmoja, ikachomoka tena. Akavuta hendibreki kwa mazoea tu.

"Ruka," akamwambia, hakupaza hata sauti.

"Na wewe?"

"Pale chini kuna foleni ya watu wa maji. Nalipeleka kwenye kifusi. Ruka sasa, mzee!"

Mpakiaji akaruka. Shangazi akaacha barabara hatua thelathini kabla ya foleni, akagonga kifusi. Watu wa foleni ile wamo humu leo na hakuna aliyechubuka. Marehemu alifariki palepale, saa nne na dakika ishirini. Huyo ndiye mtu anayedaiwa kwamba alishindwa kulimudu gari. Mumdharau hai, kisha mumpake matope akiwa jenezani? Hamwoni haya?

Neno hilo lina kazi yake. Likikubaliwa, mjane hapati fidia yoyote, na kitabu cha ofisini, tunaambiwa, kimeota mbawa. Siku ya tatu ya msiba binti alikuwa akiandika kazi ya shule mezani, na shangazi yake, yule halisi, akaona jalada la daftari la hesabu. Lilikuwa la njano. Limeandikwa: "Pedali inazama." Akageuza daftari la sayansi, njano. La jiografia, njano.

"Baba alinifunikia yote," binti akasema. "Zilizobaki ziko kwenye begi. Alisema nisizitupe, ni karatasi nzuri."

Zimehesabiwa mara tatu na hazijapungua. Kila moja ina sahihi. Alhamisi hii, tarehe 15 Mei, saa tatu asubuhi, zinafika mezani kwa mkaguzi wa kazi. Programu za kwenye gunia zitafuatana nazo.

Marehemu ameacha mama, mke, binti mmoja na dada mmoja. Kabari yake ilikutwa chini ya kiti, nzima. Mama yake aliuliza kama azikwe nayo. Binti amekataa, atakwenda nayo Alhamisi, aiweke juu ya karatasi zisipeperuke.

Zima gari, mdogo wangu. Teremka, upumzike kwa amani. Safari ya Alhamisi tunaipiga sisi.