Tisini Mpaka Kileleni

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya duka la kinyozi na kibanda cha kutengeneza redio, na kila aliyelikalia alijua mahali pake kama anavyojua upande wake wa kitanda. Kinyozi alikaa mwisho wa kulia ili amwone mteja akiingia, ingawa mteja alipoingia aliambiwa asubiri hoja iishe. Katikati alikaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hapakuwa na barabara asiyowahi kuharibikiwa. Kushoto, jirani na birika la kahawa, alikaa Injinia, aliyefungua redio nyingi kuliko alizowahi kuzifunga. Na mbele yao, limeegeshwa kivulini kama mgonjwa wa heshima, lilikuwa gari la Turbo: jekundu, milango miwili, silinda sita, turbo mbili, na kiti cha nyuma ambacho hata mbuzi angekikataa. Turbo mwenyewe, mchomeleaji mageti wa mtaa ule, alikuwa amesimama. Leo hakutaka kukaa.

Jumamosi binti yake alikuwa anaolewa. Zamani, binti huyo ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake tochi chini ya boneti, na katika jioni mojawapo ya hizo Turbo alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atapanda gari hili na si jingine. Sasa binti alikuwa muuguzi katika mji wa mbali, mji wa baridi, na kati ya hapa na huko kulikuwa na kipande kirefu cha barabara kisicho na kituo cha mafuta hata kimoja, tangu kile cha katikati kilipofungwa. Mwaka jana, siku ya mahafali yake, gari lilikauka mafuta likiwa limebakiza kilima kimoja tu. Turbo aliingia ukumbini viti vikikunjwa. Binti hakulalamika. Ila juzi alipiga simu, akasema kwa sauti laini kabisa, "Baba, safari hii njooni na basi." Ulaini ule ndio uliomchoma.

– Nataka kujua kitu kimoja, alisema Turbo. Niende mwendo gani ili tangi moja lifike. Kimoja hicho tu, halafu mrudi kwenye siasa zenu.

Breki aliuliza kwa nini asibebe dumu. Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa jana na juzi: mke wa Turbo ana pumu, na alikwisha kutamka kwamba petroli ikiingia humo ndani, yeye anatoka. Na buti lenyewe lilikuwa na nafasi ya begi moja na kofia ya harusi, kofia ikikubali kukunjwa.

Injinia akakohoa, akaweka kikombe chini.

– Nenda tisini, ndugu yangu, usizidi. Adui yako ni upepo. Ukiwa sitini toa mkono dirishani, unaona raha. Utoe ukiwa mia na ishirini, unarudi umeteguka. Ule upepo wote gari linausukuma kwa kifua, na linausukuma kwa petroli yako. Injini kubwa haikusamehe hapo. Inakupa nguvu ya kuusukuma, basi.

Lilikuwa neno la busara kuliko yote yaliyowahi kusemwa kwenye benchi lile, na kwa sababu hiyo halikudumu hata muda wa kikombe kimoja.

– Tisini si ndiyo aliyokwenda mwaka jana? aliuliza Breki.

– Ndiyo, alisema Turbo.

– Na mafuta yakakuishia.

– Yakaniishia.

– Na kurudi je?

– Kurudi nilikuwa na hasira. Mia na sitini, njia nzima.

– Ukafika na kiasi gani?

– Robo tangi.

Breki akaifungua mikono yake kama wakili aliyemaliza kazi. Injinia akajimiminia kahawa nyingine. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa kijiwe tangu mwaka jana, na haukuwahi kupata mpinzani: gari la mbio likienda taratibu linakula zaidi. Kilichobaki kilikuwa kueleza kwa nini, na maelezo hapo hayajawahi kuadimika.

Breki alisema ni suala la uzito. Gari likikolea mwendo linaanza kuwa ndege, tairi zinagusa lami kwa adabu tu, na kitu kisicho na uzito kinakula nini? Kinyozi hakuupenda mfano wa ndege. Yeye alikuja na taa ya chemli.

– Taa inakunywa kwa saa, alisema, akichora saa hewani kwa kitana. Uibebe au uiweke mezani, haijali. Injini nayo ni moto tu ndani ya chuma. Ukikaa barabarani saa sita, inakunywa za saa sita. Ukikaa tatu, inakunywa za tatu. Mafuta hayajui kilomita, mzee wangu. Yanajua saa.

Turbo aliligeuza neno hilo kichwani, na kilichomtisha ni kwamba liliingia vizuri. Akamtazama Injinia amwokoe. Lakini kuwa na ukweli peke yako kwenye benchi la watu wanaocheka ni kazi ya baridi, na Injinia alikuwa mtu wa kupenda kujumuika. Akasema, kwa kweli, ukiacha upepo, turbo mbili zikizunguka kwa kasi ya kutosha zinaurudisha moshi injini ikaula tena, kwa hiyo huenda wenzake wana hoja.

Kuanzia hapo hapakuwa na wa kuwashika. Kinyozi alipiga hesabu kwamba kwa mia mbili Turbo angefika na nusu tangi. Breki akauliza, kwa mia tatu, si angefika na mafuta mengi kuliko aliyoondoka nayo? Hakuna aliyecheka. Injinia alisema hilo linategemea hali ya hewa.

– Mia na themanini, alisema Turbo hatimaye. Njia nzima, bila kuachia. Nitafika.

Alisema "nitafika" kama anayepiga nyundo. Akamwona mkewe kichwani mwake, ameshika mshipi wa kiti kwa mikono miwili, na akaamua kutomwona.

Ni hapo alipotokea fundi cherehani, mama mmoja aliyehamia mtaani majuzi tu, hata jina la utani walikuwa bado hawajampa. Alikuja na koti la Turbo begani, mdomoni ana pini; hoja yote alikuwa ameisikia toka kwenye cherehani yake, ng'ambo ya njia. Hakungoja hoja iishe. Alimgeuza Turbo kama mtoto wa shule na kumvika.

– Mbona zito hivi, dada?

– Si uliniambia huko kuna baridi, kaka? Nimetia bitana nene. Ni mlimani huko?

– Mlimani haswa, Breki alimjibu kwa fahari, kana kwamba mlima ameujenga yeye. Ukishavuka daraja ni kupanda tu mpaka unaingia mjini. Lori langu lilikuwa linalia njia nzima.

– Kumbe kurudi ni kuteremka.

– Kuteremka kwenyewe. Unaachia tu gari linakuja.

Fundi akatoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye ukosi.

– Samahani, mimi hata baiskeli siijui. Lakini kupanda kwa hiyo mia na sitini kunakula kiasi gani?

Kinyozi aliona mteja dukani, mteja ambaye hakuwepo, akainuka nusu, akakaa. Breki aliitazama barabara kama iliyomsaliti. Kwa mwaka mzima walikuwa wamelinganisha tisini ya kupanda na mia na sitini ya kuteremka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga mia na sitini kwenda juu.

Turbo alisimama ndani ya koti lake la baridi, jasho likimtiririka. Lori hulia mlimani, gari dogo hukohoa, lakini la kwake hupanda kama linavyoteremka, bila kumwambia kitu mwenyewe. Unaangalia mshale wa mwendo tu. Na alipoufikiria mshale ule, akakumbuka jambo ambalo benchi halikuwahi kuulizia. Tisini yake ya mwaka jana ilikuwa tisini mpaka gari la mikate lilipowapita. Hapo ilikuwa mia na hamsini, mpaka gari la mikate likajua limempita nani. Kisha basi. Kisha kijana mmoja na kigari chake cha kijivu. Madirisha wazi wakati wote, ili mlio wa injini usikike.

– Tisini, alisema.

– Lakini mwaka jana, ndugu yangu...

– Mwaka jana niliendesha tisini ya mdomoni. Safari hii ya mguuni.

Breki alimwonya kwamba gari kama lile, kwa mwendo ule, kila mtu atalipita. Hata malori.

– Yapite, alisema Turbo, na neno lile lilimtoka kama jino.

Fundi aliuliza kama apunguze bitana.

– Iache. Tutafika, na huko ni baridi.

Jumamosi walitoka alfajiri, harusi ikiwa alasiri. Kutoka darajani barabara ilianza kupanda, na kwa mara ya kwanza Turbo aliuona mlima. Madirisha yalifungwa. Mkewe alipakata kofia. Likawapita gari lililobeba godoro juu, watoto wakiwakodolea macho kupitia kioo cha nyuma hadi walipochoka. Likawapita lori. Halafu likaja gari la mikate, huenda lilelile, huenda lingine. Dereva wake alipunguza mwendo akawa nao sambamba, akalitazama gari jekundu toka pua hadi mkia, kisha mwenye gari, akapiga honi moja fupi ya pole.

Mguu wa Turbo ulitaka kukanyaga. Mkewe akamwekea mkono gotini, kwa wepesi, kama anayeshika kifuniko cha sufuria kisiruke. Mshale haukutoka tisini.

– Si hapa? aliuliza mkewe walipokifikia kile kilima cha mwisho.

Ndipo hapo lilipokauka mwaka jana. Mshale wa mafuta ulikuwa unakaribia wekundu, lakini ulikuwa haujaugusa.

Binti alikuwa getini, amelikusanya gauni lake mikononi lisiguse vumbi. Alikuwa ameusikia mlio kabla ya kuliona gari. Hakusema neno la basi. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama alivyozoea tangu enzi za tochi.

– Mbona halijapata moto sana, baba?

– Tumekuja taratibu, alisema Turbo. Wametupita wote.

Binti akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria. Mama yake alikwisha kuhamia kiti cha nyuma, kofia na yote, bila kuambiwa.