Halgeir Brekkhus Ahamia Upande wa Pili wa Kaunta

Ijumaa hii, tarehe 25 Aprili, baada ya miaka thelathini na saba kwenye benchi la kutengenezea skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, Halgeir Brekkhus anastaafu kutoka duka letu la michezo hapa Skardmo. Tarehe hiyo tunaiandika kwa tahadhari, kwa sababu ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Oktoba, lakini theluji iliwahi, foleni ikafika mlangoni, naye akavaa aproni tena. Ya pili ilikuwa baada ya Mwaka Mpya, na keki ilikuwa tayari kwenye friji. Asubuhi ile kipimajoto kilikuwa kinachezacheza kwenye sifuri, pale ambapo ni vigumu kujua skii zipakwe nta gani, na Halgeir akatangaza kwamba mtu hawezi kuwaachia watu hali ya hewa kama hiyo halafu akaenda zake. Keki tukaila na wateja.

Alikuja dukani akiwa kijana, kusaidia kwa wiki chache za Pasaka. Siku hizo watu walileta skii zao zitengenezwe hapa, wakaziacha, na mara nyingi theluji nzuri ilikuja na kupita skii zikiwa bado zimepangwa ukutani. Jambo hilo lilimsumbua sana. Akaanzisha Alhamisi za benchi: mwenye skii yoyote, ya safari au ya mteremko, aje nayo jioni, ajifunze kuikwangua, kuipaka nta na kuziba mikwaruzo, kisha achague vifaa vichache vya kwenda kufanyia kazi hiyo nyumbani kwake. Nusu ya nyumba za bonde hili zina jiliwa, kile kibano cha kushikia skii, lililochaguliwa na Halgeir.

Hakuna anayekumbuka kumwona ameketi. Kahawa anainywa akitembea. Mkate wake wa jibini ya kahawia anaula ameegemea benchi, karatasi ameifungua nusu tu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kila baada ya muda mfupi hutoka kwa mlango wa nyuma kuangalia kipimajoto, hurudi, na kutaja namba ambayo hakuna aliyeiuliza. Kwa miaka yote hiyo ameingia na kutoka kwa mlango huo wa nyuma. Mlango wa mbele, wenye kengele, aliwaachia wateja.

Mteja aliyesema anataka vifaa vya kutengenezea skii nyumbani hakuonyeshwa rafu. Aliulizwa maswali matatu. Una skii gani? Utafanyia kazi wapi? Na pasi iliyoko nyumbani kwako ni ya nani?

Swali la kwanza lilikuwa kwa sababu mwenye skii za safari hana haja na tupa ya kunolea kingo za chuma, na mwenye skii za mteremko hana haja na nta ya kushika theluji. La pili lilikuwa la moshi. Nta ikiyeyushwa kwa pasi hutoa moshi, na Halgeir hakumuuzia pasi mtu aliyekusudia kufanyia kazi kwenye chumba kisicho na dirisha. La tatu tutalieleza, kwa sababu lina historia yake.

Baada ya maswali alitembea na mteja akiangalia kapu. Kilichoingia bila sababu alikitoa. Fundi bomba wetu, Kjartan, alikuja mara ya kwanza akiwa amebeba burashi za kila aina, tupa mbili, na kisanduku cha nta za rangi zote. Halgeir alirudisha vitu rafuni kimoja kimoja huku Kjartan akimfuata nyuma na kulalamika kwamba hajawahi kuona duka linalomnyang'anya mtu bidhaa.

"Jumapili hii unakwenda wapi?" Halgeir akamuuliza.

"Ziwani, juu ya barafu, na watoto."

"Basi nunua vya ziwani. Vya kupamba ukuta utakuja kuvinunua ukishachoka na watoto."

Meneja wetu, Torunn, alimlalamikia sana kwa tabia hiyo. Alisema ana muuzaji mmoja tu anayefanya kazi ya kupunguza mauzo, tena kwa bidii. Lakini Kjartan alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na sasa huja na wanawe, ambao nao hunyang'anywa.

Isidhaniwe kwamba Halgeir hakuwahi kukosea. Wapo wanaoikumbuka Pasaka ya gundi. Jumatano kabla ya sikukuu theluji ilikuwa imezeeka, imelowa, na Halgeir aliwashauri watu wote waliopita dukani wachukue nta ya mrija, ile nzito inayonata kama asali. Ushauri ulikuwa sahihi kwa Jumatano. Jumapili ya Pasaka ikaanguka theluji mpya, baridi, laini kama unga, na watu wote wa kanisa walikuwa wanapanda kwenda kwenye ibada ya mlimani na machungwa yao ya Pasaka mikobani. Theluji mpya ikikutana na nta ile hugandamana. Kila hatua iliongeza tabaka. Wazee kwa watoto walikuwa wamesimama mlimani kama waliovaa viatu vya mchuchumio, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma. Mchungaji alifika amebeba skii begani, akafungua ibada kwa kumshukuru ndugu Halgeir, ambaye peke yake ameweza kuwafanya watu wa Skardmo wasimame mahali pamoja.

Halgeir alikuwa katikati yao, naye amenasa. Inasemekana hiyo ndiyo siku pekee aliyotulia.

Tangu hapo aliweka sharti lake kubwa: kitu cha kwanza kuingia kwenye kapu ni kikwangulio na kitambaa cha kusafishia. Nta baadaye. Alisema kila mtu hufikiria atakachopaka, na hakuna anayefikiria atakavyokitoa hali ya hewa ikigeuka. Wengine hapa dukani tumejifunza kusema maneno hayo kabla hatujajifunza kutumia mashine ya malipo.

Sasa swali la tatu. Zamani, kabla hajaanza kuuliza, Halgeir naye alikuwa akipaka skii zake nyumbani, jikoni, kwa pasi ya nguo. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, asubuhi ya kipaimara cha binti yao, mkewe Borghild alichukua pasi hiyo kunyoosha shati jeupe la vazi la kienyeji la binti huyo, shati lililotarizwa na bibi yake. Nta ya kijani iliyokuwa imejificha kwenye matundu ya pasi ikayeyuka. Binti alikwenda kanisani na mstari wa kijani mgongoni, koti limefungwa hadi shingoni, na kwenye picha zote anaonekana hivyo hivyo. Borghild hakupiga kelele. Alifungua mlango, akaonyesha nje, na akasema nta haitavuka kizingiti hicho tena. Haikuvuka. Kuanzia siku hiyo Halgeir alitengenezea skii zake zote hapa dukani, kwenye benchi hili.

Ndiyo maana tarehe zilisogezwa. Tulicheka na sababu zake za theluji na kipimajoto, lakini majira ya baridi yalipokuwa yanakwisha tuliona kwamba hachezi. Alianza kufika mapema zaidi. Alipanga bisibisi, akazipangua, akazipanga tena. Alinoa vikwangulio ambavyo vilikuwa vikali tayari. Mtu akitaja Aprili alitoka kuangalia kipimajoto. Mtu huyu aliyewachagulia wengine wote vifaa vya nyumbani hakuwa na hata burashi moja nyumbani kwake, wala pembe ya kuiweka. Wiki moja kabla ya Pasaka Torunn alimuuliza waziwazi kama anaondoka au haondoki, kwa kuwa lazima apange zamu.

"Naondoka," Halgeir akasema. Kisha akaongeza, akiwa tayari anaelekea mlango wa nyuma, "Sijui tu nikifika huko nisimame wapi."

Tulichangishana kwa ajili ya zawadi, na kwa siku kadhaa hatukuelewana. Mmoja alipendekeza kiti cha kupumzikia. Wote wakamtazama.

Alhamisi ya wiki iliyopita ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho ya benchi. Walikuja watu wengi kuliko nafasi, wengine na skii ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Walipokwisha kuondoka, Halgeir alifagia maganda ya nta, akavua aproni, akaikunja. Badala ya kwenda mlango wa nyuma, akazunguka kaunta, akachukua kapu, akasimama mbele yangu mimi, Jorunn, niliyekuwa kwenye mashine ya malipo, mahali wanaposimama wateja. Alisema, bila kunitazama sana, kwamba anahitaji vifaa vya kutengenezea skii nyumbani.

Nilidhani ni mzaha, lakini hakucheka. Kwa hiyo nikamuuliza kama anavyouliza yeye. Una skii gani? Akajibu: za safari, na za mteremko za zamani ambazo kingo zake zimeingia kutu. Nikauliza la pili, utafanyia kazi wapi.

Aligeuza kapu mkononi, akalitazama ndani kama lina kitu.

"Hapo ndipo penye tatizo, Jorunn," akasema. "Sina pa kufanyia."

"Anapo," akasema mtu nyuma yake.

Alikuwa Borghild. Alikuwa amekuja kumchukua kwa gari, na kengele ya mlango hatukuisikia. Alikuwa amevaa mabuti ya bustani yenye udongo.

"Ghala la viazi, kule chini ya nyumba," akasema Borghild. "Nimetoa kila kitu. Viazi nimevipeleka kwa dada."

Wote tulijua Halgeir atasema nini, naye akakisema.

"Ghala la viazi halina dirisha."

"Lina dirisha. Kjartan alitoboa ukuta Jumanne, ulipokuwa hapa unanoa vilivyonolewa. Miaka yote hii nakusikia unawauliza watu dirisha kwenye simu. Ulidhani mimi sina masikio, mzee?"

Nilikumbuka kwamba bado kulikuwa na swali la tatu, na kwa kuwa Halgeir alitufundisha tusiruke hata moja, nikaliuliza: pasi iliyoko nyumbani ni ya nani?

"Yangu," akajibu Borghild haraka. "Na inabaki juu jikoni. Muuzie ya kwake."

Hapo Halgeir alianza kutembea kwenye rafu, na mwendo wake ukawa ule tunaoujua. Kikwangulio kwanza. Kitambaa. Jiliwa lenye mpira, lisiloumiza skii. Pasi ya skii yenye kirekebisha joto, na ubapa wake mzima usio na matundu. Tupa ndogo na kishikio cha kuiweka kwenye pembe sahihi. Vijiti vya plastiki vya kuyeyushia kwenye mikwaruzo. Kipande cha kizibo cha kusugulia nta. Nta mbili, moja ya baridi na moja ya sifuri, na mrija mmoja tu wa ile ya Pasaka. Kisha akafika kwenye burashi. Akachukua ya shaba, ya manyoya ya farasi, na ya nailoni, na akawa ananyoosha mkono kuchukua ya nne.

Torunn alitoka ofisini kwake. Aliingiza mkono kwenye kapu, akatoa burashi mbili, akazirudisha rafuni moja baada ya nyingine.

"Anza na moja," akamwambia. "Za kupamba ukuta utakuja kuzinunua."

Halgeir alicheka mpaka akaegemea kaunta. Alipotaka kulipa, Torunn alimwambia aache, kwa sababu zawadi tuliyoshindwa kuichagua kwa wiki nzima alikuwa amejichagulia mwenyewe kwa dakika chache. Akatoka na Borghild kwa mlango wa mbele. Kengele ilipolia juu ya kichwa chake aligeuka haraka kuangalia mteja gani ameingia. Borghild akamvuta mkono.

Tangu siku hiyo amekuja kazini kila siku, kwa kuwa bado ni mfanyakazi wetu hadi Ijumaa, lakini saa kumi jioni ikifika anaondoka. Hatujazoea. Jumatatu alikuja na vumbi la saruji kwenye mikono ya sweta, akasema dirisha linafunguka kuelekea kaskazini, na kwamba ametundika kipimajoto nje yake, mahali anapoweza kukiona akiwa amesimama kwenye benchi.

Torunn ametangaza kwamba Alhamisi zitaendelea. Maswali yatabaki matatu. Makapu ya wateja yatachunguzwa kama kawaida, na malalamiko yapelekwe kwa meneja, ambaye sasa naye ana mkono mwepesi.

Halgeir, asante kwa kila skii uliyoirudisha mlimani, na kwa kila kitu ulichotuzuia tusikinunue. Asante pia kwa Borghild, na kwa viazi vyake. Tunakutakia theluji ya kueleweka, dirisha lililo wazi, na siku nyingi njema chini ya nyumba yako. Ukikosa utulivu, njoo ututembelee. Ila uingie kwa mlango wa mbele, tusikie kengele.